Nyumba ya Sala ya Flushing

Katika mji wa New York, sehemu iitwayo Flushing, iko nyumba moja ya mbao iliyojengwa mwaka wa 1694. Ni nyumba ya sala ya Marafiki, ndio wale wanaoitwa Wakwakeri. Ndani hamna altare, wala mimbara, wala sanamu. Kuna mabenchi tu. Watu wanaketi kimya mpaka mmoja wao asikie moyoni kwamba Roho wa Mungu anamtuma kusema. Hawana padri, wala hawabatizi kwa maji. Kwa mafundisho, sisi Wakatoliki tuko mbali nao sana. Hata hivyo historia ya nyumba hii inatuhusu.

Katika mwaka wa 1657 nchi ile ilikuwa koloni ya Waholanzi. Guverneri wake, Peter Stuyvesant, alitaka ibada za Kanisa la Kalvini peke yake. Akatoa amri: mtu yeyote anayempokea Mkwakeri nyumbani mwake, hata kwa usiku mmoja, atalipa faini kubwa.

Watu wa Flushing walifanya nini? Tarehe 27 Desemba 1657, wenyeji wapata 30 walitia sahihi barua kwa Guverneri. Edward Hart, karani wa mji, ndiye aliyeiandika. Tobias Feake, mlinzi wa sheria, aliipeleka. Walisema hawawezi kumfungia mlango mtu anayewajia kwa upendo, na upendo huo wakaueneza hata kwa Wayahudi na Waturuki. Tuangalie vema: waliotia sahihi hawakuwa Wakwakeri. Waliwatetea watu wa dini isiyo yao.

Stuyvesant alikasirika. Hart na Feake walitiwa kifungoni, naye Feake akaondolewa kazini. Amri haikubadilika.

Mwaka wa 1662 akakamatwa John Bowne, kwa kuwa aliwakaribisha Marafiki kusali nyumbani mwake. Alikataa kulipa faini. Wakampakia merikebuni na kumfukuza. Alipofika Amsterdam alijitetea mbele ya wakubwa wa Kompani iliyotawala koloni. Mwaka wa 1663 wakamwandikia Stuyvesant kwamba afumbe macho, asilazimishe dhamiri za watu wanaokaa kwa utulivu. Tusiwasifu kupita kiasi: koloni ilihitaji wakaaji, nao walijua kwamba ukali unawafukuza.

Bowne akarudi kwake. Mwaka wa 1664 Waingereza waliitwaa nchi. Kiwanja kilipatikana mwaka wa 1692, na miaka miwili baadaye nyumba ikasimama. Bowne aliiona, kisha akafa mwaka wa 1695. Mwanzoni ilikuwa ndogo. Ikapanuliwa kati ya 1716 na 1719. Wakati wa vita vya Wamarekani na Waingereza, kuanzia 1776, askari wa Uingereza waliichukua, wakaifanya gereza, hospitali na ghala la majani makavu ya farasi. Vita vilipokwisha, Marafiki waliendelea kusali humo, na mpaka leo wanasali.

Lakini uhuru ule haukuwa wa wote. Mwaka wa 1700, miaka 6 tu baada ya nyumba hii kujengwa, sheria ya New York iliamuru kwamba padri Mkatoliki akionekana katika koloni afungwe maisha. Sheria hiyo ilifutwa mwaka wa 1784 tu. Hivyo vizazi vitatu vya Wakatoliki viliweza kupita mbele ya mlango wa Marafiki, na wao wenyewe hawana Misa.

Hapa liko fundisho. Mtu akipewa ruhusa kwa sababu ana faida, au kwa sababu ni wa upande wa watawala, ruhusa hiyo inaishia kwake. Wale 30 walikuwa wameona mbali zaidi. Tarehe 7 Desemba 1965 Konsilio ya Vatikano ya pili ilitangaza kwamba uhuru wa dini unatoka katika heshima ya mtu mwenyewe, aliyeumbwa na Mungu. Basi katekista au padri anayesikia kwamba watu wa dini nyingine wanateswa kijijini mwake asiulize kwanza kama ni wa kwetu. Aulize kama wanaonewa, kisha aweke jina lake chini ya barua.