Kabla Tuscany Haijawa Dawa ya Talaka

Hii filamu unaijua hata kama hujaiiona. Mwanamke ameachika. Analia bafuni. Rafiki anamwambia asafiri, anapanda ndege, na baada ya dakika kumi yuko kwenye kijiji cha mawe akila nyanya ni kama ndiyo mara yake ya kwanza kuona nyanya. Kisha anatokea mwanamume mwenye shati jeupe. Julia Roberts alimcheza mwanamke huyo mwaka wa 2010 katika Eat Pray Love, Diane Lane 2003 katika Under the Tuscan Sun, na Angela Bassett 1998 katika How Stella Got Her Groove Back, ingawa yeye alienda Jamaica na kijana wake hakuhangaika sana na mashati.

Watu huzicheka filamu hizi, na enyewe zinachekesha. Lakini zina historia, na historia yenyewe inaanzia kwa sheria, si kwa mapenzi.

Miaka ya 1930, Mmarekani hakusafiri ili asahau talaka. Alisafiri ili aipate. New York ilikubali sababu moja tu ya kuachana, uzinzi, na ikabaki hivyo hadi miaka ya 1960. Jimbo la Nevada likaona biashara: mwaka wa 1931 lilipunguza muda wa ukaazi hadi wiki 6. Yaani unapanda treni hadi Reno, unakaa wiki 6 hotelini ama kwenye ranchi, unaapa mbele ya hakimu kwamba wewe sasa ni mtu wa huko, unapewa talaka, unarudi kwenu. Hollywood ikafuata. Katika The Women, ya 1939, wake za matajiri wa New York wanakutana safarini kwenda Reno na kuishia kwenye ranchi moja, wakihesabu siku. Hakuna mwanamume hata mmoja anayeonekana filamu nzima. Ni kichekesho, sawa, lakini ukitazama vizuri ni kichekesho cha watu wanaosubiri karatasi.

Uingereza nako kulikuwa na vituko vyake. The Gay Divorcee, ya 1934, inampeleka Ginger Rogers hoteli ya ufukweni ambako amekodishiwa mwanamume. Si wa kulala naye, wa kufumaniwa naye tu, ndio korti ipate ushahidi. Watu walikuwa wakifanya hivyo kwa kweli, manake kabla ya sheria ya 1937 uzinzi ndio uliokuwa karibu mlango pekee wa kutokea. Na huyo mwanamume wa kukodi ni nani? Ni Mwitaliano.

Hapo ndipo stori inanoga, kwa sababu tangu Italia iungane kuwa nchi moja, haikuwa na talaka. Si kwamba ilikuwa ngumu kuipata. Haikuwepo kisheria. Katika Summertime, ya 1955, Katharine Hepburn ni Mmarekani asiyeolewa anayempenda mwenye duka huko Venice. Inagunduliwa jamaa ana mke, wametengana. Kwingine angeenda kortini, basi. Italia, angebaki mume wa mtu hadi mmoja wao afe. Hepburn anapanda treni na kuondoka, na watazamaji wakaikumbuka treni hiyo kama huzuni ya mapenzi. Mimi nikiitazama naona pia kifungu cha sheria kilichokosekana.

Nje ya skrini ilikuwa hivyo hivyo. Mtengenezaji filamu Carlo Ponti alipotaka kumuoa Sophia Loren, alikuwa bado na mke. Mwaka wa 1957 mawakili walimpatia talaka na ndoa mpya, vyote Mexico. Italia ikakataa kuitambua talaka hiyo, na wapenzi hao wakajikuta na kesi ya kuoana mara mbili. Hatimaye walichukua uraia wa Ufaransa, na mwaka wa 1966 wakafunga ndoa Sèvres, karibu na Paris. Kumbuka huyo alikuwa Sophia Loren, tayari na Oscar mkononi. Mshonaji wa Napoli aliyeachwa na mumewe angeenda wapi?

Waitaliano wenyewe walicheka kwa uchungu. Divorzio all'italiana, ya 1961, inamhusu mwungwana wa Sicily aliyemchoka mkewe. Kwa kuwa hawezi kumpa talaka, anapanga mke apate mpenzi ili amuue "kwa heshima", kosa ambalo sheria ya wakati huo iliadhibu kwa kifungo kifupi. Kifungu hicho kilifutwa mwaka wa 1981. Wengine wetu wazazi wetu walikuwa wameshazaliwa.

Kisha ukaja mwaka wa 1970. Tarehe 1 Januari, California ilianza kutoa talaka bila kutafuta mwenye makosa. Tarehe 1 Desemba, Italia ikapitisha sheria yake ya kwanza ya talaka. Kanisa na chama tawala wakapigana nayo hadi kura ya maoni ya Mei 1974, na karibu asilimia 59 ya wapiga kura wakasema ibaki.

Bila mwaka huo hakuna Diane Lane. Frances anayemcheza ametoka San Francisco, amepata talaka bila kwenda Reno, na anafika Italia ambako mwanamke aliyeachika si kioja tena. Safari imeacha kuwa ya kisheria, sasa ni ya moyo. Lakini pia ni ya pesa. Hela za nyumba ya ndoa ndizo zinanunua nyumba ya Tuscany. Mwandishi wa kitabu chenyewe, Frances Mayes, alinunua nyumba yake karibu na Cortona mwaka wa 1990 akiwa tayari na mpenzi mpya. Filamu ikamfuta huyo mpenzi, kwa sababu upweke unauza zaidi. Elizabeth Gilbert naye alizunguka Italia, India na Bali kwa malipo ya awali ya mchapishaji.

Na halafu kuna pasipoti. Yule Felipe wa Bali, aliyechezwa na Javier Bardem, alikuwa mtu wa kweli, Mbrazili mwenye uraia wa Australia. Mwaka wa 2006, baada ya kuingia Marekani mara nyingi kwa kibali cha mgeni, maafisa walimzuia uwanja wa ndege wa Dallas na kumrudisha alikotoka. Yeye na Gilbert walikuwa wameapa kutooa tena. Mwaka wa 2007 walioana, kwa kuwa ndoa ndiyo ingemrudisha. Gilbert aliyaandika haya kwenye kitabu kilichotoka 2010, mwaka ule ule filamu ilipomalizikia kwenye mashua, bila afisa wa uhamiaji hata mmoja.

Under the Tuscan Sun angalau inawaonyesha wahamiaji wengine: mafundi kutoka Poland wanaoijenga upya ile nyumba. Pawel, mdogo wao, anampenda msichana wa pale, na familia ya msichana inamkataa kwa sababu hana jamaa. Frances ndiye anayesimama na kusema yeye ni jamaa yake. Mmarekani aliyefika juzi anamdhamini Mpolandi.

Sisi tuko upande gani wa picha? Mara nyingi, upande wa Pawel. Mwaka wa 2012 Ulrich Seidl wa Austria alileta Paradies: Liebe, kuhusu Teresa, mama wa miaka 50 anayemlea binti peke yake, aliyekuja pwani ya Kenya kutafuta alichokipata Stella. Vijana wa ufukweni wanampa mapenzi, kisha wanakuja na bili ya hospitali, ya shule, ya ndugu mgonjwa. Ni filamu chungu, na kwangu ni ya kweli kuliko zile nyingine, kwa sababu kijana wa ufukweni anaruhusiwa kuwa na shida zake.

Anayefahamika zaidi huku kwetu, ambaye jina lake tunalitamka kila siku tukitaja mtaa, alifanya safari kinyume. Karen Blixen aliolewa Mombasa mwaka wa 1914 na kuachika 1925. Filamu ya 1985 ilimfanya Meryl Streep atazame milima ya Ngong kwa macho ya majonzi. Lakini alipoanza upya kweli, 1931, shamba la kahawa likiwa limefilisika, ilikuwa Denmark, nyumbani kwa mama yake, akiwa na miaka 46. Huko ndiko alikoandika vitabu vilivyompa jina. Hollywood ilimwacha hapo anapoondoka Kenya.