Kompyuta mpakato na mashine ya CNC ya karakana ndogo

Kuunganisha kompyuta mpakato na mashine ya CNC ni kuiwezesha mashine ya kuchonga mbao, plastiki au alumini ipokee maagizo ya kompyuta ya siku hizi. Kwa macho ni kazi ya waya tu. Ugumu wake uko kwenye muda.

Mota za hatua zinazosukuma mashine nyingi za aina hii hazijui neno wala namba. Zinajua mapigo ya umeme, na kila pigo ni kipande cha mzunguko. Mota ya kawaida ina hatua 200. Saketi inayoiendesha ikiigawa kila hatua mara 8, mzunguko mmoja unadai mapigo 1,600. Ikiwa parafujo husogeza meza milimita 4 kwa mzunguko, kila milimita inakula mapigo 400. Meza inayokwenda milimita 1,500 kwa dakika inahitaji mapigo 10,000 kila sekunde, tena yenye nafasi sawasawa. Yakija kwa kushtukiza, mota hukwama ikilia, na hatua iliyopotea haionekani mpaka kipande kimeshaharibika.

Zamani mapigo hayo yalitoka ndani ya kompyuta ya mezani, kupitia tundu la printa lenye pini 25. Mach3, programu ya Windows, iliyatoa kwa kiwango cha kawaida cha 25,000 kwa sekunde. LinuxCNC, iliyochipuka kutoka kazi ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilitumia kiini cha Linux kilichorekebishwa ili kitunze muda. Kompyuta mpakato haikuaminiwa hata wakati huo, kwa kuwa hubadili kasi ya prosesa ili kuokoa betri, na mapigo huyumba. Baadaye tundu lenyewe likatoweka, na kiendeshi cha Mach3 cha tundu hilo hakifanyi kazi kwenye Windows ya biti 64.

Wengi hukimbilia waya wa kugeuza USB kuwa tundu la printa. Hela hiyo imepotea. Waya huo umetengenezwa kupeleka kurasa kwa printa, data ikiwa imefungwa mafungu mafungu. Hauwezi kuwasha na kuzima pini moja kwa wakati uleule programu inaotaka.

Dawa ilikuwa kuinyang'anya kompyuta kazi ya kuhesabu muda. Mwaka 2009 Simen Svale Skogsrud wa Norway alitoa Grbl, programu huria ambayo baadaye iliendelezwa sana na Sungeun Jeon. Hukaa ndani ya bodi ndogo ya Arduino Uno, yenye chipu ya megahezi 16 na kumbukumbu ya kazi (RAM) ya kilobaiti 2. Chipu hiyo haina kazi nyingine, ndiyo maana toleo la 1.1 hufikisha mapigo 30,000 kwa sekunde bila kuyumba. Kompyuta hubaki na kazi ya kusoma faili la G-code, yaani maagizo ya kusogeza mashine, na kulituma mstari kwa mstari. Bodi hujibu "ok" kila inapoupokea mstari.

Kwa hiyo waya wa kawaida wa USB unatosha. Bodi nyingi za bei nafuu hutumia chipu ya CH340, na mara nyingine kiendeshi chake husakinishwa kwanza. Fundi hufungua programu ya kutuma maagizo, Universal G-code Sender, huchagua tundu na kasi ya 115200, na skrini huandika "Grbl 1.1". Hapo huandika G21 G91 G0 X10, yaani sogea milimita 10, kisha hupima kwa rula. Grbl ikiwa bado na thamani yake ya awali, mapigo 250 kwa milimita, meza iliyotajwa hapo juu itasogea milimita 6.25 tu. Akiibadilisha thamani hiyo kwa kuandika $100=400, kumi inakuwa kumi.

Adui anayebaki ni kelele ya umeme. Mota ya kukatia ikiwaka, USB inaweza kukatika katikati ya kazi, na ubao mzuri wa mninga ukaishia kuni. Waya mfupi wenye ngao, uliopitishwa mbali na nyaya za mota, hupunguza balaa hilo. Kompyuta nayo izuiwe kulala na kuzima matundu yake ya USB. Kitufe cha dharura kikate umeme wa mashine yenyewe, kwa sababu kile cha kwenye skrini hakifanyi kazi waya ukishakatika.