Wimbo Uliokimbia

Mwalimu wetu wa kwaya alipofariki aliacha daftari moja kubwa la jalada la bluu, na ndani yake nyimbo ambazo sisi wa Nyakato tulizijua kwa kifua kuliko kwa macho. Wanawe walituletea daftari hilo matanga yakiwa hayajaanuliwa. Walitaka jambo moja tu: wimbo wake wa maombolezo uimbwe siku ya arobaini, na waimbaji waliohamia Geita na Dar es Salaam wajifunze sauti zao kabla ya kupanda basi.

Nyimbo zote ziliandikwa kwa solfa: d r m f s l t, nukta mbili za kutenga mapigo, vistari vya kurefusha sauti. Maandishi haya, ndugu msomaji, yalitoka mbali. Mwalimu Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, ndiye aliyeyaanzisha, na katika miaka ya 1840 mchungaji John Curwen akayatengeneza upya na kuyaeneza, hata yakafika Afrika na wamisionari. Yalitufaa kwa sababu ya kawaida kabisa: hayadai karatasi ya mistari mitano. Taipureta ya ofisini ilitosha, na stensili ikaupeleka wimbo kwaya hadi kwaya. Wanaoicheka solfa, nadhani, hawajawahi kupigia wimbo chapa kwa mashine ya kuazima.

Kijana wetu mmoja wa besi, mwenye studio ya chumba kimoja karibu na barabara ya Musoma, alijitolea. Akaingiza nota moja moja katika kompyuta, akatoa faili la midi, akalifungua katika programu anayorekodia wasanii wa bongo fleva. Tukakaa kusikiliza. Wimbo ukatoka mbio kama wa harusi. Mama mmoja wa alto alicheka, halafu akalia.

Nilitaka kujua kilichotokea. Midi ni mkataba wa wenye viwanda vya ala. Januari 1983, huko California, vinanda viwili vya kampuni shindani, Prophet-600 na Jupiter-6, viliunganishwa kwa waya hadharani. Kimoja kikabonyezwa na cha pili kikaitika. Waliousukuma mkataba huo zaidi ni Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani. Mwaka 1988 ukaja muundo wa faili, ili wimbo utoke programu moja uingie nyingine. Lakini faili hilo halibebi sauti hata chembe. Hubeba maagizo: nota fulani ianze, kwa nguvu kiasi hiki, sasa inyamaze. Nota zina namba 0 hadi 127, na C ya katikati ya kinanda ni 60. Faili lisipotaja mwendo, kanuni ni kulichukulia kuwa la mapigo 120 kwa dakika. Kijana hakutaja mwendo kwa sababu daftari halikuutaja. Mwalimu aliandika "Kwa huzuni", basi.

Kulikuwa na kosa jingine. Sauti zote nne zilikuwa zimetiwa katika mstari mmoja na chaneli moja, hivyo soprano na alto zilipokutana kwenye nota ileile, iliyotangulia kunyamaza iliinyamazisha na mwenzake. Akarudia kazi usiku kucha, kila sauti na mstari wake.

Mwendo tuliupata kwa yule mama wa alto. Aliimba, kijana akagonga kidole mezani, kompyuta ikahesabu: 58. Kwenye ubeti wa tatu akapunguza hadi 52, kama alivyofanya marehemu, nasi tukaandika na hilo.

Lililotushinda ni do. Juu ya ukurasa imeandikwa F, na katika midi F hiyo ni 65, haipandi wala haishuki. Marehemu yeye alitutazama nyuso kwanza. Asubuhi ya mvua na makoo mazito, do yake ilishuka bila kumwomba mtu ruhusa.

Siku ya arobaini wa Geita walifika wameshika sauti zao barabara, simu mikononi. Mama wa alto akasimama akatoa do. Ilikuwa chini ya F. Wakatazamana, mmoja akaisogeza simu sikioni kuhakikisha, kisha akaitia mfukoni, tukaanza.