Unga, GMO na Maswali Ambayo Hatukuulizwa

Kila unga ukipanda bei, vita vya GMO vinarudi. Kambi moja inasema tutaota mikia, nyingine inasema njaa imeisha. Mimi nimechoka na kambi zote mbili, so leo turudi nyuma kidogo tuone tulifikaje hapa.

Kwanza, GMO si mgeni Kenya. Mwaka 1991 mwanasayansi wetu Florence Wambugu alianza kazi na kampuni ya Monsanto kule Marekani, kutengeneza kiazi kitamu kinachostahimili virusi. Kiazi kilisifiwa dunia nzima kabla hakijamfikia mkulima. Majaribio ya hapa nchini yalipoisha, 2004 ikajulikana kwamba hakikuzuia virusi, na kile cha kawaida kilizaa zaidi. Hakikuua mtu, lakini pia hakikushibisha mtu.

Mwaka 2009 tukapata sheria ya usalama wa kibayolojia, pamoja na mamlaka ya kupima vitu hivi. Poa sana. Lakini Septemba 2012, mtafiti wa Ufaransa, Gilles-Éric Séralini, akachapisha utafiti wenye picha za panya wenye uvimbe mkubwa, waliolishwa mahindi ya GMO. Kufikia Novemba, Baraza la Mawaziri letu lilikuwa limepiga marufuku kuingiza GMO nchini. Mwaka uliofuata jarida lenyewe likauondoa utafiti huo: panya walikuwa wachache mno, na aina hiyo hupata uvimbe kirahisi hata bila GMO. Séralini alipinga uamuzi huo. Huku kwetu marufuku ikakaa karibu miaka kumi.

Halafu Oktoba 3, 2022, ukame ukiwa umetubana, serikali ya Ruto ikaondoa marufuku. Mwezi uliofuata waziri wa biashara, Moses Kuria, akatuambia kwamba ukiwa Kenya tayari uko kwenye foleni ya kifo, kwa hivyo hakuna ubaya kuongeza GMO kwenye orodha. Eti ni utani! Watu wakakimbia kortini. 2023 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikatupa kesi, 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha mambo tena.

Unaona mtindo? Tulifungiwa mlango kwa hofu, tukafunguliwa kwa haraka. Mara zote mbili mwananchi alisikia kwenye habari kama wewe na mimi.

Na sayansi je? Faida ipo, tusidanganyane. Mahindi ya Bt yana jeni ya bakteria wa udongoni. Kiwavi akitafuna shina, anakufa, na mkulima anapunguza pesa ya dawa. Shirika la Afya Duniani linasema vyakula vya GMO vilivyo sokoni vimepimwa na haielekei vitadhuru afya.

Lakini hatari si lazima iwe kwenye sahani. Afrika Kusini walianza kupanda mahindi ya Bt 1998. Kufikia 2007 watafiti walikuwa wameripoti viwavi wasiokufa tena. Wakulima walitakiwa kuacha sehemu ya shamba na mahindi ya kawaida ili viwavi wasizoee, na wengi hawakufanya hivyo. Burkina Faso nao walilima pamba ya Bt, mavuno yakawa mazuri, lakini nyuzi zikatoka fupi na bei ikaumia. Mwaka 2016 wakaanza kuiacha.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: mimi sipingi GMO, napinga kuamuliwa. Wanasiasa wakija tena na hii story, tusiwaulize tu kama tutakufa. Tuwaulize nani amepima, na matokeo yako wapi tuyasome. Mbegu ya msimu ujao mkulima atainunua kwa nani, na kwa bei gani? Mahindi ya nje yakifika wakati wa mavuno, yule wa Kitale atamuuzia nani? Na viwavi wakizoea, mpango ni upi?

Asiyeweza kujibu hayo, awe wa kambi gani, bado hajajiandaa kutulisha.