Ng'ombe ya kalinzi: udongo, undugu na utawala toka Bushi hadi Nyalukemba



Wazee wa kwetu wanasema jina la Bukavu linatoka kwa neno la Mashi, bunkafu, ni kusema mahali pa ng'ombe. Leo ukitembea kartiye ya Nyalukemba, ukiteremka polepole hadi ziwani, ng'ombe huioni tena. Unaona ukuta mrefu, mlango wa chuma, na juu ya ukuta maandishi makubwa ya rangi nyekundu: Parseli hii haiuzishwe.

Mtu anaandika vile juu ya nini? Juu anaogopa. Anaogopa atasafiri, ao atagonjwa, na akirudi atakuta mtu mwingine anachimba msingi ndani ya lupango yake, na karatasi iko mkononi. Anaogopa mgeni, lakini mara nyingi zaidi anaogopa ndugu yake wa tumbo moja. Njo tujiulize: watu ambao zamani walishika udongo kwa ng'ombe na kwa neno la mdomo, wamefika namna gani mahali pa kuandika ukutani kama hawauzishi?

Kalinzi ilikuwa nini

Mbele ya wazungu, udongo wa Bushi haukuwa kitu cha kupeleka sokoni. Ulikuwa wa Mwami, lakini si sawa vile tajiri anakuwa na nyumba yake. Mwami aliushika kwa jina la watu wote, walio hai, waliokufa na wale wasiozaliwa bado. Aligawa vilima kwa watu wa ukoo wake na kwa wakubwa aliowaamini. Hao nao wakagawia walio chini yao, hadi kufika kwa baba wa jamaa mwenye jembe lake. Kila aliyepokea alitoa kitu: ng'ombe moja ao zaidi, na asiye na ng'ombe alitafuta mbuzi na pombe. Kitu kile ndicho kiliitwa kalinzi.

Tusikosee hapa: kalinzi haikuwa bei. Bei ikilipwa, watu wawili wanaachana, kila mmoja anashika njia yake. Kalinzi ilifanya kinyume, iliwafunga pamoja. Aliyepokea shamba akawa mtu wa yule aliyempa: alimsaidia kazi, alisimama upande wake kwenye mashauri, hakwenda kwenye sherehe yake mikono mitupu. Na aliyetoa shamba akawa na deni la kumlinda. Walifanya mapatano yao mbele ya mashahidi, majirani wa mipaka wakiwa pale. Shamba likapita kwa mtoto mwanaume, na mjukuu, na aliyelitoa hakuweza kulinyang'anya hivi hivi, bila kosa kubwa. Karatasi haikuwako. Vichwa vya watu ndivyo vilikuwa kitabu. Asiye na kalinzi hakuwa na Mwami, na asiye na Mwami alihesabiwa sawa na mtu aliyekufa.

Kulikuwa na njia nyingine ndogo, bwasa. Huyu aliazima kipande cha shamba kwa muda, mwaka ao majira ya kilimo, akalipa kwa kazi ao kwa sehemu ya mavuno. Kwenye bwasa unapanda maharagwe, unapanda viazi, lakini migomba hapana. Kwa nini? Kwa sababu mgomba unadumu. Mwenye kupanda mgomba amesema kwa vitendo: mimi niko hapa, na watoto wangu watakuwa hapa. Hata leo, ukiingia Kabare ao Walungu na kuona migomba mikubwa kuzunguka nyumba, unajua unatazama kalinzi ya mtu wa zamani.

Sasa tuseme ukweli wote, tusipambe. Kalinzi ilikuwa na ubaya wake. Ilimpa mkubwa nguvu sana juu ya mdogo, na mkubwa mwenye tamaa aliweza kumkamua mtu wake. Tena mwanamke hakuwamo. Yeye ndiye alilima, yeye ndiye alijua kila jiwe la shamba, lakini kalinzi ilikuwa kati ya wanaume. Bwana akifa, mama alibaki pale kwa ajili ya watoto wake wa kiume. Asipokuwa na mtoto mwanaume, alianza kutazama barabara. Maneno haya hayajaisha hata sasa.

Mji «nje ya desturi»

Wazungu walipofika kwenye ncha hii ya ziwa Kivu, mwisho wa karne ya 19, walitafuta kwanza mahali pa kulinda mpaka. Wajerumani walikuwa ng'ambo ya Ruzizi, na mpaka ulikubaliwa kati ya wakubwa wa Ulaya mwaka 1910 huko Brussels. Mwami Rutaganda wa Kabare alikataa kuwapigia magoti, na vita vyake nao viliendelea miaka mingi. Lakini mji ulisimama. Mwaka 1927 wakauita Costermansville, jina la afisa wao Paul Costermans, na jina la Bukavu lilirudishwa tu katika miaka ya 1950.

Mwaka 1928 Ubelgiji uliunda Comité National du Kivu, watu wakazoea kusema CNKi. Kampuni hii ilipewa uwezo wa kugawia masetla udongo mkubwa sana wa Kivu: mashamba ya kahawa, ya chai, ya kwinini. Mzungu alisema udongo ule ulikuwa wazi, hauna mtu. Kumbe ulikuwa malisho ya ng'ombe, ulikuwa shamba lililopumzishwa, ulikuwa kalinzi ya mtu. Macho yake hayakuona kwa sababu yalitafuta ukuta ao karatasi.

Ndani ya mji wenyewe mambo yaligawanywa kwa rangi ya ngozi. Ncha nzuri za ziwani zilikuwa za wazungu. Mwafrika alitengewa mahali pake, kama Kadutu, na sheria ya 1931 iliita miji ya namna ile «centres extra-coutumiers», maana yake vituo vya nje ya desturi. Tulifikiri neno hilo vizuri? Mushi aliteremka toka kilima cha baba yake, akatembea masaa machache tu, akafika juu ya udongo wa mababu zake, na pale akaambiwa yuko nje ya desturi. Huko hakuna kalinzi, hakuna mashahidi wa mipaka. Kuna namba ya nyumba na kitabu cha kazi.

Na Mwami je? Koloni haikumwondoa, ilimgeuza. Alivikwa medali, akalipwa, akatumwa kukusanya kodi na kutafuta watu wa kazi. Aliyekataa aliondolewa: mwaka 1936 Mwami Alexandre Rugemaninzi wa Kabare alipelekwa uhamishoni, akarudi tu wakati wa uhuru. Waliobaki walijifunza somo jipya: kama cheo kinatoka kwa mzungu, deni kwa watu wa chini si lazima tena. Pale ndipo kamba ya kalinzi ilianza kukatika, upande wa juu mbele ya upande wa chini. Kukatokea bugule, ni kusema kununua kabisa, makuta mkononi, bila undugu nyuma yake.

Leta na karatasi

Uhuru ulikuja 1960. Mwaka 1966 sheria ya Bakajika ilirudishia Leta udongo wote uliogawiwa na koloni. Watu walifurahi, wakidhani udongo unarudi nyumbani. Kisha ikafika sheria ya tarehe 20 Julai 1973: udongo wote wa nchi ni mali ya Leta, na haki ya mtu inasimama juu ya karatasi iliyoandikishwa kwa ofisi. Mwezi wa 11 wa mwaka ule ule ikaja Zairianisation, na mashamba mengi ya wazungu yakaangukia wakubwa wenye kujuana na utawala.

Wanavijiji wa kalinzi je? Sheria ile ya 1973 ilisema, kwenye artikle 389, kama haki zao zitapangwa na ordonansi ya Prezida. Zaidi ya miaka 40 ilipita na ordonansi ile haikutoka. Kwa miaka yote ile mkulima wa Bushi alikaa katikati ya milango miwili: ule wa desturi umefungwa na sheria, ule wa sheria haukufunguliwa. Mwenye kusoma na mwenye makuta alipita ofisini, akarudi na karatasi juu ya kilima chenye watu. Na karatasi ile ikifika miaka miwili bila mtu kuishitaki, haipingwi tena. Mkulima asiyejua Kifaransa atasikia wapi kama miaka miwili inahesabiwa?

Tusitupie lawama wazungu na Kinshasa peke yao. Wakubwa wetu wa desturi nao walijifunza kutia sahihi. Udongo walioushika kwa jina la wafu na wasiozaliwa, wengine waliuza kama wao ndio walitangulia kuzaliwa na watakuwa wa mwisho kufa.

Kila utawala na muhuri wake

Kisha vita. Mwezi wa 10 mwaka 1996 AFDL waliingia Bukavu, na Askofu Mkuu Munzihirwa aliuawa tarehe 29. Mwaka 1998 ikawa RCD. Mwaka 2004 mji uliporwa tena, wakati wa Mutebutsi na Nkunda. Mwezi wa 2 mwaka 2025 M23 waliingia. Ng'ombe za Bushi zililiwa na majeshi yote, na watu walikimbia vijiji wakaja kujibana mjini, juu ya miteremko ambayo mvua inaiteremsha pamoja na nyumba. Utawala unakuja na muhuri wake, unaondoka. Karatasi zinabaki, moja juu ya nyingine, juu ya parseli ile ile. Ndiyo maana mwenye lupango wa Nyalukemba anachukua rangi nyekundu na kuandika ukutani. Haamini tena ofisi, wala jirani.

Jambo hili halikugusa udongo tu. Tazama mahari. Kwetu mahari inahesabiwa bado kwa ng'ombe, lakini mjini ng'ombe haifiki. Inafika bahasha ya dola yenye kuitwa ng'ombe. Hakuna ubaya, kijana wa mjini atachunga wapi? Lakini zamani ng'ombe ile ilizaa, na kila ndama ilikumbusha jamaa mbili kama ziko ndugu. Dola hazizai undugu. Zikiliwa, zimeisha, na siku ndoa inapopata shida hakuna mwenye kukumbuka walisemezana nini. Kalinzi na mahari zilikuwa na roho moja: kitu kinatolewa ili watu waendelee kuwa na maneno kati yao.

Tufanye nini

Hatuwezi kurudisha kalinzi, na wengine wetu, mama zetu hasa, hawatamani irudi kama ilivyokuwa. Lakini tusitupe mbegu pamoja na maganda. Desturi ilijua jambo moja ambalo ofisi imelisahau: mpaka unalindwa na jirani aliyeuona ukiwekwa. Basi mwenye kununua parseli leo asiridhike na sahihi na muhuri. Awaite majirani wa pande zote, vijana kwa wazee, watembee mpaka pamoja mchana kweupe, na majina yao yaandikwe. Karatasi yenye mashahidi hai ni ngumu kuliko karatasi peke yake.

La pili: sheria ya jamaa ya 1987 inasema watoto wote, wasichana na wavulana, ni warithi wa kwanza, na mjane anayo haki ya kuendelea kuishi katika nyumba ya ndoa. Hapa sheria ya Leta ilishinda desturi yetu kwa haki, tukubali. Baba mwenye busara aandike jina la bibi yake kwenye karatasi angali na nguvu, asingoje ndugu zake waje kuhesabu masufuria siku ya matanga.

Na la mwisho, linaloanza nyumbani. Wazee wenye kukumbuka nani alitoa kalinzi kwa nani, kwenye kilima gani, wanaondoka mmoja mmoja. Jumapili hii, ukipanda kusalimia mzee kule Kabare, Ngweshe, Kalehe ao Mwenga, usimwombe baraka tu. Beba daftari. Mwambie akutembeze kwenye mipaka, na umpeleke pia dada yako, asikie.