Manowari ya Bomba Tatu

Atazamaye kaskazini kutoka ufuko wa Mbezi Beach huuona mkondo wa Unguja, ambamo alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Wadachi, Königsberg, iliyoshushwa majini Kiel mwaka 1905, na ambayo wenyeji wa pwani, kwa kuziona dohani zake, waliiita manowari ya bomba tatu, iliishambulia Pegasus ya Waingereza, iliyokuwa imetia nanga bandarini ikitengenezwa mitambo, ikaizamisha. Makaburi ya baadhi ya mabaharia wa Pegasus yangaliko kisiwani Chapwani.

Ushindi huo, kwa rai yangu, haukuifaa Königsberg kitu. Kwani mitambo yake nayo ilikuwa mibovu, makaa yalikuwa adimu, na nahodha Max Looff hakuwa na hila ila kurudi kujificha baina ya mikoko ya Rufiji, hata tarehe 11 Julai 1915 Severn na Mersey, manowari ziwezazo kupita maji mafupi, zikaihasiri kwa mizinga huku eropleni ikizielekeza, na Looff mwenyewe akaamuru ilipuliwe. Mizinga yake 10, hata hivyo, iliopolewa, ikatengenezwa Dar es Salaam, ikakokotwa barani kwa jasho la wapagazi wasiotajwa sana vitabuni. Mmoja ungaliko Ngome ya Yesu, Mombasa.