Robbie Williams baada ya Take That: albamu iliyosubiri wiki 28

Kila kundi kubwa la muziki linapovunjika, mashabiki huanza kupiga ramli. Nani atatoka, nani atachuja? Jibu huonekana rahisi: mtunzi wa nyimbo atatesa, na yule aliyekuwa anacheza shoo nyuma atarudi kwao kimya kimya. Take That ya Uingereza ilipovunjika mwaka 1996 ramli ilikuwa hiyo hiyo, na karibu kila aliyeipiga alikosea. Leo wadau naomba tuikumbuke albamu iliyowaumbua wapiga ramli, Life thru a Lens ya Robbie Williams, iliyotoka Septemba 29, 1997.

Kwa wadogo zetu ambao hawakuwahi kuiona Take That ya awali, niwape picha kwa kifupi. Ni vijana watano waliokusanywa Manchester mwaka 1990 na meneja Nigel Martin-Smith: Gary Barlow, Howard Donald, Jason Orange, Mark Owen na huyu Robbie, mtoto wa Stoke-on-Trent, mzaliwa wa Februari 13, 1974. Aliingia akiwa na miaka 16, mdogo kuliko wote. Barlow ndiye alikuwa roho ya kundi. Alipiga kinanda, alitunga, na sauti ya kuongoza mara nyingi ilikuwa yake. Robbie alipewa nafasi hapa na pale. Aliongoza Could It Be Magic, na baadaye Everything Changes iliyoshika namba moja mwaka 1994. Lakini zaidi ya hapo kazi yake ilikuwa kucheza, kuchekesha na kupendwa na wasichana. Mpaka kundi linakufa lilikuwa na nyimbo nane zilizofika namba moja Uingereza.

Sasa fikiria kijana wa miaka 21 aliyekaa miaka mitano ndani ya mashine ya namna hiyo. Anaambiwa avae nini, aseme nini, alale saa ngapi. Yeye moyo wake ulikuwa kwa Oasis, wale ndugu wa Manchester wenye magitaa na midomo michafu. Juni 1995 alikwenda kwenye tamasha la Glastonbury, akaonekana akijirusha na Oasis, nywele kazipaka rangi, jino moja kalitia weusi. Picha zikasambaa kwenye magazeti yote. Wenzake wakaona huyu sasa anatuharibia. Mwezi uliofuata, wakiwa kwenye mazoezi ya ziara, Robbie akatoka kundini.

Februari 13, 1996, siku Robbie anatimiza miaka 22, wale wanne waliobaki waliitisha mkutano na waandishi na kutangaza kwamba Take That basi. Huko Uingereza ilibidi zifunguliwe laini za simu za kuwafariji mashabiki, maana wasichana walikuwa wanalia kama wamefiwa.

Kutoka kundini ni jambo moja, kutoka kwenye mkataba ni jambo lingine. Robbie alikuwa bado amefungwa na RCA, kampuni iliyokuwa chini ya BMG, na asingeweza kurekodi kwingine kabla hajafunguliwa. Ikabidi apambane kisheria. Wakati mawakili wakibishana yeye alikuwa akinywa, akitumia dawa za kulevya na kunenepa, na kila mahali alikokwenda wapiga picha walikuwa nyuma yake. Noel Gallagher wa Oasis, ambaye Robbie alimwona kama rafiki, akaja kumtania hadharani kwamba ni yule mcheza shoo mnene wa Take That. Utani ule ulimganda miaka mingi.

Juni 1996 alisaini na Chrysalis, kampuni iliyokuwa chini ya EMI. Wimbo wake wa kwanza haukuwa wake. Aliurudia Freedom! '90 wa George Michael, akauita Freedom tu. Wapo waliomcheka, lakini chaguo lile lilikuwa na maana. George Michael naye alitoka kwenye kundi la vijana lililopendwa na wasichana, Wham!, akatoa Faith mwaka 1987 na kuheshimika kama mwanamuziki kamili. Kisha yeye naye akaburuzana mahakamani na Sony kutafuta uhuru, kesi aliyoshindwa mwaka 1994. Kwa hiyo Robbie alikuwa anaazima sauti ya mtu aliyeipita njia hiyo hiyo. Wimbo ulifika namba mbili. Namba moja ilikuwa imekaliwa na wasichana watano wapya walioitwa Spice Girls na Wannabe yao.

Upande wa pili, Gary Barlow alikuwa anapaa. Forever Love yake ilishika namba moja Julai 1996. Mwaka uliofuata akatoa albamu, Open Road, nayo ikaenda moja kwa moja namba moja. Mark Owen alitoa yake, Green Man, mwishoni mwa 1996, nayo ikaishia namba 33. Kwa mtu aliyekuwa anasoma chati, ramli ilishajibiwa: mtunzi ametoka, wengine wamechuja.

Tatizo la Robbie lilikuwa hili: hakuwa na nyimbo. Alikuwa na maneno. Tangu utotoni alikuwa akiandika mashairi na vituko kwenye makaratasi, lakini hakuwa na wa kumpikia muziki. Kampuni ikamtafutia watunzi. Wakampeleka hadi Miami kwa Desmond Child, fundi aliyewahi kuwatungia Bon Jovi na Aerosmith. Kutoka huko ukapatikana Old Before I Die, ambao Aprili 1997 ulifika namba mbili. Wimbo mzuri, wa kelele za magitaa, lakini ukiusikiliza unamsikia mtu anayejaribu kuwa Oasis.

Mambo yalibadilika alipokutanishwa na Guy Chambers mwanzoni mwa 1997. Chambers alikuwa mpiga kinanda aliyepita World Party, mwenye kipaji na asiye na jina. Mmoja alikuwa na maneno na jina, mwingine alikuwa na muziki na nidhamu ya studio. Ndani ya siku chache za kwanza walikuwa tayari na nyimbo kadhaa, mmojawapo ukiwa Angels.

Angels una kisa chake. Mbegu yake ilitoka Dublin, wakati wa Krismasi ya 1996, ambapo Robbie alikutana baa na mwanamuziki asiyejulikana wakafanya pamoja toleo la awali. Yule bwana baadaye alilipwa pauni 7,500 akaachia haki zake. Wimbo ukatoka kwa majina ya Williams na Chambers, na Robbie mwenyewe alikuja kukiri hadharani kwamba mwanzo wake walikuwa pamoja. Wasanii chipukizi wanaosoma hapa, simameni kidogo kwenye aya hii. Pauni 7,500 ni hela kwa mtu asiye na kitu. Lakini wimbo ule umeuza zaidi ya nakala milioni moja Uingereza peke yake, na unapigwa kwenye harusi na misiba hadi leo.

Chambers na Steve Power ndio waliokuwa maprodyuza wa albamu. Kazi yenyewe haikwenda kirahisi, kwa sababu Robbie alikuwa akiandika na kurekodi huku akilewa, na katikati ya 1997 ikabidi apelekwe kwenye kituo cha tiba huko Wiltshire. Hali hiyo imo ndani ya nyimbo. Clean unazungumzia kusafishika na dawa, kwa kejeli. One of God's Better People, wimbo mtulivu wa gitaa, ni wa mama yake. Ego a Go Go wengi wanaamini ni dongo kwa Gary Barlow. Na ukiiacha CD iendelee baada ya wimbo wa mwisho, kimya kinapita, halafu anaibuka Robbie anaghani shairi liitwalo Hello Sir, anamsuta mwalimu wake wa zamani aliyemwona hatafika popote.

Yaani huyu mtu alikuwa na hasira na kila mmoja, na kwanza kabisa na nafsi yake. Kilichomtofautisha ni kwamba hasira hiyo aliichanganya na ucheshi. Anajidharau kabla wewe hujamdharau, na ukishacheka anakuimbia wimbo wa kukuliza. Ndani ya Take That hilo lisingewezekana, kwa sababu pale kila kijana alipaswa kuwa mchumba wa kila msichana.

Basi, albamu ikatoka. Mazingira yalikuwa mabaya. Lazy Days wa Julai uliishia namba nane. South of the Border wa Septemba ukaishia namba 14. Tazama mteremko: mbili, nane, kumi na nne. Siku hiyo hiyo ya Septemba 29, The Verve walitoa Urban Hymns, albamu ambayo Uingereza nzima ilikuwa inaingoja. Nayo ni mwezi mmoja tangu Princess Diana afariki Agosti 31, wakati nchi ikiwa na hasira na wapiga picha wanaowafukuza watu maarufu. Robbie anakuja na albamu yenye jina linalomaanisha maisha kupitia lenzi ya kamera! Urban Hymns ikaenda namba moja. Ya Robbie ikaingia namba 11, kisha ikaanza kuporomoka.

Kwa hesabu za biashara ya muziki, hapo ndipo mtu anapoambiwa asante, kwaheri. Magazeti yakaanza kuandika kama taarifa ya msiba, kwamba mcheza shoo amefulia. Lakini kampuni ilikuwa na singo moja mkononi ambayo bado haikuitoa. Desemba 1, 1997 wakaitoa Angels.

Haukufika namba moja. Kilele chake kilikuwa namba nne. Ila nyimbo nyingi za wakati ule ziliingia juu wiki ya kwanza kwa nguvu ya mashabiki, kisha zikaanguka kama jiwe. Angels ulikaa. Krismasi ikapita ukawepo, Januari ukawepo, Februari ukawepo. Waliokuwa wanaununua hawakuwa wasichana wa Take That tu. Walikuwa mama zao, madereva wa teksi, wanaume wa baa waliokuwa wanamcheka juzi. Machi 1998 akafuatisha Let Me Entertain You, wimbo wa fujo uliofika namba tatu, na watu wakagundua kwamba yule mchekeshaji jukwaani ni moto. Aprili 1998, wiki 28 tangu ilipoingia kwenye chati, Life thru a Lens ikashika namba moja. Hadi leo imeuza zaidi ya nakala milioni mbili Uingereza.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Mwaka huo huo wa 1998 alitoa albamu ya pili, I've Been Expecting You, na Millennium ukawa wimbo wake wa kwanza wa peke yake kufika namba moja. Mwaka 1999 Barlow alitoa albamu yake ya pili, ikakwama namba 35, na kampuni ikamwacha. Agosti 2003 Robbie alijaza Knebworth siku tatu mfululizo, watu 375,000 kwa jumla. Mwaka 2005 Angels ukachaguliwa kwenye tuzo za Brit kuwa wimbo bora wa miaka 25 iliyokuwa imepita. Marekani tu ndiko alikogonga mwamba. Huko Angels uliishia namba 53.

Mimi nadhani somo la kisa hiki liko mahali pawili. La kwanza ni kwamba kutoka kivyako si kutoka peke yako. Robbie aliachana na wenzake wanne, lakini hakusimama mpaka alipompata mtu mmoja wa kufanya naye kazi. Barlow alijitosheleza kwa kila kitu, na pengine ndicho kilichomponza, kwa sababu hakuwepo wa kumwambia kwamba wimbo huu umelala.

La pili linatuhusu sisi tunaoshika kalamu. Tulizoea, na bado tunaendelea, kumzika msanii kwa namba za wiki ya kwanza. Siku hizi hata wiki ni nyingi, tunahesabu waliotazama ndani ya saa 24. Kama EMI wangesoma chati za Oktoba 1997 kama magazeti yalivyozisoma, Angels ungebaki wimbo wa nne kwenye CD iliyojaa vumbi.

Mambo hayakuishia kwa ugomvi. Mwaka 2010 Robbie na Barlow walipatana, wakaimba pamoja Shame, na Take That wote watano wakatoa Progress kabla Robbie hajaendelea tena na safari yake. Pombe na dawa vilimsumbua miaka mingi baada ya namba moja ile, na filamu ya maisha yake ya mwaka 2024, Better Man, haikuficha hilo. Chati zilimpa ushindi, hazikumpa usingizi.

Haya wadau, nani mwingine mnamkumbuka aliyetoka kwenye kundi akidharauliwa, akaja kuwapita wenzake wote?